Zima-Washa, Mwalimu wa Maneno ya Kompyuta

Ndugu, majirani, wafanyakazi wa ofisi ya maji na wanafunzi wa Jumamosi: mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Miaka minne baadaye akazaliwa mdogo wake wa kike, kitindamimba, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Walikuwa wawili tu. Mwenye dada mmoja hana pengine pa kupeleka wivu wake.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1988, kisha akapata stashahada ya ufundi wa kompyuta mwaka 1993. Kila shule aliyopita, mdogo wake alifuata, na walimu walimpokea kwa swali lile lile: "Wewe ndiye mdogo wake yule?" Kufika wiki ya tatu swali lilikuwa limebadilika kidogo: "Kweli wewe ni mdogo wake yule?"

Tarehe 1 Agosti 1995 aliajiriwa ofisi ya maji, kitengo cha kompyuta, chumba namba nne, ghorofa ya pili, penye dirisha lisilofunguka na feni inayolalamika. Huko ndiko alikopewa jina la Zima-Washa. Siku moja dada wa mapokezi alimpigia simu kwamba printa imekufa.

"Umeizima ukaiwasha?"

"Nimekwambia imekufa."

"Basi haitaumia ukiizima."

Printa ile ilifufuka, na jina likamganda mpaka leo.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi bomba wa ofisi hiyo hiyo, mtu mpole aliyekuwa amemwagia chai kibodi tatu ndani ya mwezi mmoja ili apate sababu ya kupanda ghorofa ya pili. Walijaliwa watoto watatu. Mdogo wake alisimama karibu na bibi harusi akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Hakuwa na neno baya na shemeji yake. Alichokuwa akijiuliza ni kwa nini vitu vizuri vyote vinaijua njia ya nyumba moja.

Mwaka 2004 marehemu alifungua darasa la Jumamosi katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, kwa wanaojiandaa na mtihani wa cheti cha usaidizi wa kompyuta na usalama wa mtandao. Aliwakuta wanakariri maneno kama kasuku, akaanza kuyaandika upya kwenye daftari kwa lugha wanayoongea nyumbani. Wengi wenu mnakumbuka somo la nakala rudufu. Alimuuliza mwanafunzi ameihifadhi wapi nakala ya kazi yake, naye akajibu kwamba iko kwenye kompyuta ile ile. "Basi huna nakala," akamwambia. "Una mapacha watakaokufa siku moja."

Mdogo wake naye aliutaka mtihani huo, akaanguka mara mbili. Marehemu alimpelekea daftari lake mpaka mlangoni. Akalikataa, akasema ana vitabu vyake. Mara ya tatu alifaulu, na leo wanafunzi wa Jumamosi wajue alivyofaulu: alimwomba mmoja wao kwa siri fotokopi ya daftari lote, akaisomea jikoni mlango ukiwa umefungwa. Dada yake alipompongeza, akamjibu kwamba mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi.

Sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi mlizoshika. Shemeji alisema, "Liache hilo, shemeji, watu wamekuja kuzika." Lakini msomaji ameshindwa kuliacha.

Mwaka 2012 mdogo wake alikuwa dawati la wateja, ghorofa ya chini ya jengo lile lile la ofisi ya maji, na kila mtu alijua kwamba ukuu wa kitengo cha kompyuta ungekwenda kwa marehemu. Tarehe 19 Juni, kila mfanyakazi alipata barua pepe: "Hongera. Umependekezwa kuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Bofya hapa kuthibitisha." Ilikuwa hadaa ya majaribio, iliyotungwa na marehemu kwa agizo la mkurugenzi, ili ijulikane nani bado anaweza kulaghaiwa. Wafanyakazi sitini na watatu walipokea. Sitini na wawili waliifuta au wakauliza. Mmoja alibofya, tena hakumaliza hata kusoma. Aliona tu kwamba angalau mara moja maishani amechaguliwa yeye, na si dada yake.

Kioo cha kompyuta kikamwandikia: "Hili lilikuwa jaribio." Mdogo mtu aliketi pale, akaamini kwamba mtego ule ulishonwa kwa kipimo chake. Akangoja jina lake litangazwe. Halikutangazwa. Mwezi uliofuata ukuu wa kitengo ukaenda kwa bwana mmoja wa uhasibu, na marehemu akasubiri miaka minne mingine. Kwa nini alirukwa, hakuna aliyesema. Mdogo wake alifurahi. Alipanda ghorofa ya pili kumpa pole akiwa na furaha hiyo tumboni, na marehemu akamshukuru akampa nusu ya chapati yake.

Mwezi Septemba 2024 marehemu alianza kuumwa tumbo. Novemba madaktari wakasema ni saratani ya ini. Alilazwa wadi ya wanawake, kitanda cha saba, ambako aliwafundisha wauguzi kutobandika maneno yao ya siri kwenye kioo cha kompyuta. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Wasiwasi wake wa mwisho ulikuwa daftari: wanafunzi wana mtihani tarehe 24, na toleo jipya limo kwenye kompyuta yake.

Ili kuifungua kompyuta hiyo, shemeji alijaribu tarehe za kuzaliwa za watoto, kisha tarehe ya harusi. Marehemu angemcheka. Mwishoni akabonyeza palipoandikwa "Umesahau neno la siri?" Simu ya mdogo mtu ikalia mfukoni.

"Shemeji, imekujia namba hapo?"

"Imekuja. Lakini namba hizi hapewi mtu."

"Basi njoo uiingize mwenyewe. Kumbe wa kutumiwa namba alikuandika wewe."

Akaiingiza. Daftari lilikuwa na maneno mia tatu na kumi na mawili. Kwenye neno hadaa marehemu alikuwa ameandika: "Ni ujumbe unaokupa kile ambacho moyo wako ulikuwa unakitaka tayari. Usimcheke aliyebofya. Muulize alikuwa anataka nini." Chini yake alikuwa ameambatisha ripoti ya mwaka 2012 aliyomkabidhi mkurugenzi. Mbele ya maneno "mfanyakazi aliyebofya" palikuwa na jina na cheo, na jina lile lilikuwa la marehemu mwenyewe.

Wanafunzi, toleo jipya litagawiwa Jumamosi saa tatu, chumba kile kile. Atakayefundisha si Zima-Washa, na mtaliona hilo mapema.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, wanafunzi wasiohesabika, na mdogo mmoja wa kike, ambaye tarehe 19 Juni 2012, saa tatu na dakika nane asubuhi, ndiye aliyebofya.

Amani aliyowapa wengine na imfikie yeye sasa. Apumzike.