Bi. Akaale Ekeno, Mwenye Zizi Lililomfungia Ndani

Baada ya miaka thelathini na moja katika chuo chetu, Bi. Akaale Ekeno, mkuu wa maabara ya kompyuta, anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wetu hapa Lodwar hatujawahi kufanya kazi bila yeye, na sitajifanya kwamba nimefurahi.

Alikuja kutoka Lokori kuwa mpiga chapa, wakati kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma na hakuna aliyethubutu kuiwasha. Yeye aliiwasha. Tangu hapo kila chenye waya kikawa chake: printa, jenereta, hata friji ya jikoni. Aliyeingia maabara na chai alitolewa nje pamoja na kikombe chake, awe mkuu wa chuo au mgeni kutoka Nairobi.

Chuo kilipofungua tawi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, alijitolea kwenda kufundisha huko, na huko ndiko alikoanzisha shindano la Zizi. Mwanafunzi huingizwa kwenye skrini ya amri iliyozungushiwa kichujio, yaani programu inayokagua kila amri kabla ya kuipitisha. Akiandika amri ya kuona mafaili, inakataliwa. Akiandika ya kusoma faili, inakataliwa. Kazi yake ni kutafuta njia ya kutoka na kusoma faili moja lililowekwa nje. Wapo waliochomeka alama za nukuu katikati ya amri, kichujio kisiitambue na kompyuta iielewe vilevile. Kila njia mpya Bi. Akaale aliiziba na kuipa jina la aliyeigundua, kama mama yake alivyoliita kila pengo la ua kwa jina la mbuzi aliyetorokea hapo. Sijaona kwingine vijana wakishindania kuwa mbuzi.

Mshindi hupata nafasi ya mafunzo ya kazi katika maabara ya Lodwar. Kwa kijana wa kambini hilo si jambo dogo, maana barua ya chuo ndiyo humsaidia kupata kibali cha kusafiri nje ya kambi.

Mwaka juzi Nyadak Gatjang, binti kutoka Sudan Kusini, alitoka zizini kabla wenzake hawajamaliza kusoma maelekezo. Alifungua ukurasa wa msaada, ambao Bi. Akaale huuacha wazi siku zote kwa sababu haamini kwamba mwanafunzi anapaswa kunyimwa msaada. Akiwa humo ndani akaandika alama ya mshangao na jina la programu ya amri, na ukurasa ukamfungulia skrini nyingine isiyo na kichujio chochote. Bi. Akaale alikataa kumpa ushindi. Alisema huko ni kukizunguka kichujio, si kukishinda. Nyadak alirudi kwenye duka la shangazi yake kupima unga, na nafasi ikabaki bila mtu. Tulimwambia Bi. Akaale kwamba amemwonea binti wa watu, lakini ukaidi wake mnaujua.

Kisha ikaja mvua ya Aprili. Lagga, ule mto mkavu unaojaa wakati wa mvua tu, ikafurika na barabara ya Kakuma ikakatika. Seva yenye kazi za mwisho za darasa zima ilikuwa kule, imefungiwa chumbani, na ufunguo ulikuwa Lodwar, mkobani mwa Bi. Akaale. Kazi zilipaswa kuwafikia watahini jioni hiyo, la sivyo darasa lirudie mwaka. Naye, akiwa mezani kwake Lodwar, angeweza kuingia kwenye seva kwa mtandao, ila alikuwa ameamua kukiimarisha kichujio asubuhi hiyo hiyo, na kwa makosa akakiweka kwenye akaunti yake mwenyewe badala ya ile ya shindano. Kila amri aliyoandika ilikataliwa. Alijaribu njia zote za mbuzi wake, lakini alikuwa ameziziba vizuri mno.

Nilikuwepo. Alivua miwani, kisha akampigia Nyadak simu mbele yetu sote.

"Nyadak, ule mlango wako niliukataa," alisema. "Sasa nimefungiwa ndani. Nisaidie."

Nyadak hakumwekea kinyongo. "Sawa, Madam. Fungua kwanza ile page ya help. Usiogope, niko hapa."

Kazi zilitumwa kabla ya giza. Barabara ilipopitika, Bi. Akaale alikwenda Kakuma, akawakusanya wanafunzi na kuwaambia kwamba alikosea, na kwamba aliyetoka zizini ametoka. Pengo lile akaliziba papo hapo na kuliita Nyadak. Kisha akasimama naye foleni ya kibali mpaka kikapatikana. Nimemheshimu miaka mingi, lakini siku ile nilimpenda.

Leo Nyadak ni msaidizi wa maabara yetu, na Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake kuifunga akaunti ya Bi. Akaale, kama inavyofanywa kwa kila anayestaafu. Mkono ulimwia mzito. Bi. Akaale akavuta kiti, akaketi karibu naye, akamwambia hakuna fundi wa maana anayeacha akaunti ya mstaafu wazi. Ikafungwa. Walilia wote wawili, na sisi tuliosimama mlangoni hatukuwa na nafuu.

Bi. Akaale, asante kwa kila ulichotuwashia. Pumzika Lokori na watu wako, na ile safari ya Eliye Springs unayoiahirisha kila Desemba, safari hii uende. Zizi liko mikononi mwa Nyadak, na ukurasa wa msaada bado uko wazi. Tukikwama tutakupigia simu bila aibu, mbele ya watu wote, kama ulivyotuonyesha.