Alhamisi za Bi Khole

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, Wakili Khole binti Marhoon anastaafu tarehe 30 Juni 2008. Alipoingia ofisini kwetu hapa Madinat Sultan Qaboos mwaka 1989, alipewa kesi za watoto kwa sababu hakuna wakili mwengine aliyezitaka. Hajaziachia mpaka leo.

Wengi wetu tunamjua kwa Alhamisi. Mwaka 1996 alifuatana na mama mmoja kituo cha polisi kumchukua binti yake, Fajr, aliyekuwa kwa baba. Wazazi wameachana, na mahakama ilitaka wakabidhiane mtoto hapo. Askari walikuwa wapole, hata peremende wakampa, lakini Fajr alimvuta Bi Khole buibui lake akamuuliza, "Mimi nimefanya kosa gani?"

Bi Khole akaenda kwa kadhi: mtoto hakushtakiwa, polisi anapelekwa kwa nini? Akakataliwa mara mbili. Mara ya tatu kadhi akakubali watoto wa kesi zetu wakabidhiwe sebuleni kwetu, kwa sharti moja: kila Alhamisi, siku ya kukabidhiana, awepo mtu wa ofisi. Asipokuwepo, wanarudi kituoni.

Mtu huyo akawa yeye. Siku tunayopumzika sote, yeye anavuka milima kutoka kwake Al Amerat. Harusi za jamaa zake kule Sib anafika watu wameshakula, masufuria yanaoshwa. Siku moja Suud alimleta mwanawe Thabit amelala fofofo. Shaikha, mama wa mtoto, akakataa kumpokea mpaka aamshwe, aone kama ni mzima. Bi Khole akawaambia, "Mwacheni alale. Nanyi kaeni, mnyamaze." Wakakaa watalaka wale, kahawa na halua mbele yao. Thabit alipoamka akawatazama wote wawili, akauliza kama wamehamia hapa.

Si kila wiki ilikuwa hivyo. Kuna baba walioacha kuja, na watoto waliongoja mpaka magharibi. Akangoja nao. Kachoka, wala hafichi: "Nna presha, nna magoti, basi tena."

Mkuu wetu, Ustadh Mahfoudh, alishaanza kumwandikia kadhi kwamba hatuna mtu wa kushika zamu. Tukamwomba barua hiyo asiipeleke. Sote tumechoka, na wengine tuna wachanga wasiojua usiku ni wa kulala. Lakini watoto wanne bado wanakuja, na kituoni hawarudi. Alhamisi iliyopita nilikaa mimi, mwanangu mapajani. Zinazofuata tumeshagawana.

Bi Khole, ahsante. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wenye raha. Alhamisi hii lala mpaka adhana ya adhuhuri ikuamshe. Mlango tutafungua sisi.