Mjane Ambaye Hakulia Langoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Najua hapa kwetu tunaitikia kwa nguvu mpaka mabati yanatikisika, lakini leo nawasalimu kwanza ninyi ambao hamna sauti ya kuitikia. Asifiwe hata katika kimya chenu!

Mimi ni Mama Akinyi, fundi wa nguo wa hapa Migosi. Wengi wenu nimewashonea. Shule niliishia kidato cha nne, na alama niliyopata si ya kutundika ukutani. Sijazoea kusimama mbele za watu. Pasta aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia nitautoa jinsi ulivyo, bila kuongeza chumvi. Akasema sawa.

Baba Akinyi alikuwa mnunuzi wa samaki. Alinunua Port Victoria, akauza hapa Kisumu. Alikuwa mtu wa maneno! Alisimulia safari yake tangu anavua viatu mpaka anashika usingizi, na mimi nilikuwa msikilizaji wake. Hatukuwahi kugombania nafasi ya kuongea. Siku aliyokufa, presha ilimwangusha ufuoni akiwa anabishana bei ya mbuta, samaki wale wakubwa. Walionipigia simu waliniambia alikuwa karibu kushinda.

Sasa ninyi mliotoka Nyeri na Murang'a, niwaeleze jambo moja. Huku kwetu mtu akija kwenye msiba haingii bomani kimya. Anaanza kulia langoni, kwa sauti ya juu, mikono kichwani, ili walio ndani wasikie kwamba uchungu umefika. Na mke wa marehemu ndiye anayesubiriwa kuliko wote. Mke akifika na mwili, kilio chake ndicho kinachofungua matanga.

Tulifika nyumbani kwao, upande wa Maseno. Gari likasimama. Mlango ukafunguliwa. Wanawake walikuwa wamejipanga, wananingoja nianze ili wanipokee. Nikashuka. Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, hakukuwa na kitu! Nikapita langoni nikitembea kama mtu anayekwenda kuteka maji, nikaketi pale walipoweka jeneza.

Mama Plista, mama mkwe wangu, alikuwa amelia mpaka sauti inakwaruza. Alinitazama, akasema mbele ya watu wote, "Nyar Alego, hata mbwa wa nyumba akifa, watu hutoa sauti."

Nyar Alego ndiye mimi, msichana aliyeolewa kutoka Alego. Alikuwa ameniita hivyo tangu nilipoolewa, na jina hilo nililipenda. Siku hiyo lilinichoma.

Tulizika. Maneno yakaanza. Wengine walisema nina moyo wa jiwe. Wengine walisema nilikuwa nimemchoka. Wengine, Mungu awasamehe, walisema mke asiyelia anajua kilichomuua mume. Maneno hayo yalinifuata mpaka Kisumu, mpaka kwenye veranda ninaposhonea. Mteja anakuja kupima gauni, lakini macho yake hayako kwenye kitambaa.

Nilikuja hapa kanisani, na mlinipokea, nawashukuru. Mliniombea. Mnakumbuka. Mliniweka katikati, mkaniwekea mikono, ndugu mmoja akamkemea pepo wa ukaidi atoke. Maombi yalikuwa marefu. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu alininong'oneza, "Lia hata kidogo tu, Mama Akinyi, tuende tukapike." Dada huyo yuko hapa leo na anainama kwa aibu. Usiinamishe kichwa, dada yangu! Wewe ndiye uliyesema ukweli siku hiyo. Lakini sikulia.

Ikafika siku ya ukumbusho. Nilijiambia, safari hii sitawaaibisha. Nilifunga mlango wa nyumba, nikafungua redio kwa sauti, nikaanza kujifundisha kulia! Mwanamke mzima, mama wa msichana wa sekondari, najaribu kilio kama mtu anayejaribu wimbo wa kwaya. Nilidhani nimekipata. Tulipofika langoni nikaweka mikono kichwani, nikakitoa.

Kilichotoka kilikuwa sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Wanawake waliokuwa wamebeba sufuria walisimama. Mtoto fulani akacheka. Mama Plista akatoka jikoni, akajipangusa mikono, akasema polepole, "Acha, nyar Alego. Hapa si ukumbi wa drama."

Ndugu zangu, ningeweza kuvumilia dharau ya watu. Kitu kilichonivunja ni kwamba nilianza kuwaamini. Nilijiuliza, huenda ni kweli sikumpenda. Na kama sikumpenda mtu niliyelala kando yake miaka hiyo yote, basi maisha yangu yote yalikuwa uongo, na huyu anayeitwa Mama Akinyi ni nani? Nilijiogopa. Nilikula kwa sababu Akinyi alikuwa ananitazama. Niliomba, lakini niliomba kama mtu anayegonga nyumba huku akijua wenyewe wamemkasirikia. Kuna asubuhi nyingi ambazo sikutaka ziwe asubuhi. Nasema hivyo kwa sababu niliahidi kusema ukweli.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya kazi! Mama mmoja alileta gauni nilipunguze kiunoni. Jina lake Madam Wambui, anafundisha katika chuo kimoja hapa mjini. Aliketi akingoja, akanieleza habari za gauni, za dada yake, za mguu wake unaomsumbua. Halafu akaniuliza, "Mama Akinyi, tangu nifike unanisikiliza mimi. Wewe nani anakusikiliza?"

"Cherehani," nikamjibu.

Alicheka, lakini gauni lilipokwisha hakuondoka. Akaniambia kuna kozi ya cheti wanayofundisha, saikolojia na huduma za jamii, masomo ni Jumamosi, na anayemaliza anaweza kuwa mkufunzi wa ustawi, yaani kocha, mtu wa kutembea na wenzake wanapolemewa mpaka wapate tena mwendo wao. Nikamuuliza swali moja tu. "Huko mnafundisha watu kulia?"

Hakucheka safari hii. Akasema, "Njoo uone."

Nikaenda. Nawaambia ukweli, sikwenda kutafuta kazi wala cheti. Nilikwenda kutafuta dawa ya kulia! Majirani walifurahi sana kupata kichekesho. Mama wa mboga hapo karibu akaniuliza, "Kwa hiyo utakuwa kocha? Kocha wa timu gani? Maana yetu inafungwa kila wiki." Nikamwambia nitaanza na yeye.

Masomo hayakuwa mepesi. Kulikuwa na maneno niliyoyasoma nikashindwa hata kuyatamka, nikamwachia Akinyi anisomee. Lakini kulikuwa na kazi za kufanya kwa mikono, na hizo nilizielewa. Siku moja Madam Wambui alitupanga wawili wawili. Mmoja aeleze kitu alichopoteza, mwingine asikilize. Kusikiliza tu. Hakuna kushauri, hakuna mistari ya Biblia, hakuna "jikaze".

Mimi nilipangwa pamoja na Mzee Omolo, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa lingine. Mtu mwema, lakini kinywa chake hakina likizo. Nilianza tu kusema, "Mume wangu alikufa," naye akadakia, "Pole sana Mama, lakini tumshukuru Mungu kwa kila jambo, kwa maana..."

"Mzee!" Madam aliita kutoka mbele. "Pumzisha mdomo."

"Madam, mimi namtia moyo tu!"

"Moyo anao. Mwache auonyeshe."

Darasa likacheka. Mzee akabana midomo kwa vidole, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, mtu alikaa mbele yangu akanitazama bila kungoja machozi. Basi nikasema. Nikamweleza kwamba sikulia. Nikamweleza habari ya lango, na ya mbuzi. Halafu nikajikuta namweleza kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu nilidhani ni wazimu. Baba Akinyi alipenda kwenda Port Victoria na shati lililopigwa pasi. Watu walimcheka, maana kufika jioni lilikuwa limelowa maji ya samaki. Na mimi, tangu azikwe, nilikuwa nayatoa mashati yake kabatini mwisho wa wiki, nayapiga pasi yote, kola, mikono, kila kitu, halafu nayarudisha. Hakuna wa kuyavaa. Lakini nikiacha kuyapiga, sipumui vizuri.

Mzee Omolo aliachia midomo yake. Akatafuta maneno, na kwa mtu kama yeye, kukosa maneno ni habari ya kutangazwa redioni. Mwisho akasema, "Lakini Mama, si umekuwa ukilia? Tatizo ni kwamba unalia na pasi, na kule langoni hakuna stima."

Ndugu zangu, nilicheka! Nilicheka mpaka nikashika meza. Darasa zima likageuka. Nilikuwa sijacheka tangu ile simu ya Port Victoria, na kicheko kile kilifungua mahali ambapo mikono yenu yote mliyoniwekea haikufika, na si kwa sababu maombi yenu yalikuwa dhaifu. Nadhani ndiyo yaliyonipeleka kwenye kile kiti.

Wengine wenu mnangoja niseme kwamba baada ya kicheko machozi yalishuka. Hayakushuka. Mpaka leo hayajashuka. Siwezi kumsingizia Mungu machozi ili ushuhuda wangu upendeze. Nilichowekwa huru nacho ni ile hukumu! Nilijua siku ile kwamba nilimpenda mume wangu. Nilijua kwamba Mungu hangoji uchungu upite kooni ndipo ausikie. Kile nilichokiita jiwe kilikuwa moyo unaofanya kazi kwa mikono. Haleluya!

Madam Wambui alitufundisha baadaye kwamba watu huomboleza kwa namna nyingi, na kazi ya mkufunzi wa ustawi si kuchagua namna ya mwenzake. Niliyaandika maneno hayo kichwani. Sikujua nitayahitaji mapema hivyo.

Maana simu ilikuja. Alikuwa Jack, shemeji yangu, mdogo wa marehemu. "Shem, njoo nyumbani. Mama hasemi." Mama Plista, ambaye kilio chake kilisikika mpaka barabara kuu, alikuwa amenyamaza. Anaketi mlangoni, anatazama njia. Chakula anakigeuza tu. Walikuwa wamempeleka hospitali, wakaambiwa mwili hauna ugonjwa. Wakamletea waombaji, wakamletea wajukuu. Kimya.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza Jack.

"Kwa sababu wewe, Shem, unajua kukaa hivyo."

Nakiri mbele yenu, niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya jeneza. Akiniaibisha mbele ya watu mara ya tatu, sijui kama ningerudi kwenye boma lile tena, na Akinyi angekuwa amepoteza upande wa baba yake. Lakini nilikwenda. Nilifika langoni, na sikuweka mikono kichwani. Nilipita kimya, kama nilivyo. Nikaketi kando yake mlangoni. Alikuwa na uteo wa karanga mapajani, hazijaguswa. Nikachukua karanga, nikaanza kubambua.

Sikumwambia ajikaze. Sikumwambia Mungu ana mpango. Nilikuwa na hamu ya kusema, jamani, nilielewa taabu ya Mzee Omolo! Jua likahama. Kuku wakaja, wakala maganda, wakaenda zao. Baadaye mkono wake ukaingia kwenye uteo, akaanza kubambua pia.

Halafu akasema, "Nyar Alego."

"Mama."

"Siku ile. Ulipokuwa umekaa pale kimya. Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kutafuta jibu zuri. Nikampa la kweli. "Nilikuwa namngoja, Mama. Niliona watu wote wanalia, nikadhani mkimaliza atatokea nyuma ya nyumba aniambie twende."

Akatazama njia. "Hata mimi," akasema. "Ndiyo namngoja."

Hatukukumbatiana, wala hakuniomba radhi, na sikuhitaji aniombe. Jioni alikula. Si sana, lakini alikula, na akamwambia Jack chumvi ni nyingi. Jack alitoka nje akaruka kama mtoto!

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenipokea bila kelele yangu. Namshukuru kwa masomo, maana wapo wanaosema mwenye imani hahitaji elimu ya nafsi. Anayenyesha mvua ndiye huyo huyo anayewapa watu akili ya kuchimba visima. Nimebakiza sehemu ya mwisho ya mafunzo, na tayari watu wanakuja verandani kwangu. Wengine huleta nguo ndogo ya kushona ili wapate sababu ya kuketi. Nawashonea, na tunaketi.

Mtumaini Mungu, wewe uliyeambiwa huna uchungu kwa sababu hauonekani. Mtumaini na wewe unayelia bila kukoma. Anawasikia wote wawili.

Mama Plista yuko hapa leo. Amekuja nami, ameketi kule nyuma karibu na dirisha, yule mwenye kitambaa cha buluu. Ameniambia hataki kusimama wala kupungia watu mkono, kwa hiyo tafadhali msimgeukie wote kwa pamoja. Mnamgeukia! Haya, geukeni mbele. Mwacheni aketi anavyotaka. Mimi nimemaliza, narudi pale kando yake. Na kama kuna mtu hapa amelemewa na hana neno la kusema, asingoje mpaka alipate. Aje. Benchi letu lina nafasi.