Mwalimu Aliyekataa Kuinenepesha Klorini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo mkinisikia nang'aka, mnivumilie. Nina hasira. Tunamkumbuka mwalimu wa kemia, tuliyemwita Mwalimu Kiini, aliyezikwa jana.

Mimi alinifundisha. Alisimama katikati ya darasa, akasema yeye ni kiini cha atomu na sisi ni elektroni. "Sodiamu ina protoni kumi na moja, klorini kumi na saba. Zipo mstari mmoja kwenye jedwali la elementi. Zote zina elektroni kumi za ndani, zinazokinga mvuto wa kiini. Toeni kumi. Sodiamu imebaki na mvuto wa moja. Klorini je?" Tukajibu: "Saba!" Akatukamata mashati sisi tuliokuwa elektroni za klorini, akatuvuta mpaka tukabanana. Klorini ni ndogo kuliko sodiamu. Sijasahau mpaka leo.

Miaka ishirini iliyopita aliitwa kusahihisha mtihani wa taifa. Mwongozo wa majibu ulisema klorini ni kubwa, eti kwa kuwa ina elektroni nyingi. Mwalimu akagoma. Kila aliyeandika klorini ni ndogo, alimpa maksi. Msahihishaji mkuu akamwambia afuate mwongozo au aondoke. Akaondoka.

Mjane wake ameniambia: "Nilimsihi, baba watoto, funika kombe mwanaharamu apite. Akanijibu, mama, klorini hainenepi kwa sahihi yangu."

Tangu siku hiyo hakushika chaki tena. Kwa adhabu, alipewa kutunza stoo ya shule. Mwalimu wa kemia, wasikilizaji, anagawa mafagio! Mwaka uliofuata mwongozo ulirekebishwa, kimyakimya. Yeye akaachwa stoo mpaka alipostaafu.

Jana msahihishaji mkuu yuleyule alisimama makaburini, akamsifu marehemu kwamba alikuwa mtu wa ukweli. Binti wa marehemu akamkatiza: "Samahani mzee. Wewe ulijua lini kwamba baba alikuwa sahihi?"

Mzee akainamisha kichwa. "Siku ileile, mwanangu."

Mama mjane, nawe dada yetu, binti yake, poleni sana. Nasi tujiulize, wapendwa, ni lipi tunalolijua leo na tumelinyamazia ili tusiharibiwe kazi.

Na wewe uliyefanya mtihani ule, ukaandika klorini ni ndogo, ukachorewa mkasi, na nafasi ya chuo ikakupita: hukukosa. Ulikuwa umepata.