Ijumaa za Maswali za Daktari Morenike

Leo ni tarehe 28 Novemba. Ni mwaka wa tisa tangu nitoke kwetu Atakpamé kuja kubeba mitungi ya gesi katika maabara hii ya Ibadan, na leo Daktari Morenike Alabi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Wasomi wameniachia niandike maneno ya kumuaga. Wanasema hakuna aliyekaa naye Ijumaa nyingi kama mimi.

Ijumaa ilikuwa siku ya maswali. Wanafunzi waliwauliza wanasayansi habari za vinasaba, na kila mwanasayansi aliyejibu alipaswa naye kuuliza. Daktari alileta moi-moi, kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke. Aliyeuliza swali la kijinga ndiye aliyepakuliwa kwanza, ili watu wasiogope.

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja, Bukola, aliuliza, "Mama, mtu asiye na selimundu anaweza kuumwa mifupa kila mvua zikianza?"

"Huyo anakwepa kulima!" wenzake wakamcheka.

"Ni mchumba wangu," akasema. "Vyeti vya vipimo vya damu tumeshampa mchungaji atakayetufungisha ndoa. Yeye mzima kabisa, mimi ndiye niliyebeba kinasaba kimoja cha selimundu."

Ikawa zamu ya Daktari kuuliza. "Kabla ya kupimwa, aliongezewa damu?"

Bukola akakubali. Aliongezewa, siku chache tu kabla. Kipimo kilikuwa kimesoma damu ya watu wengine.

Kiliporudiwa baadaye, kijana alikutwa na selimundu. Mchungaji akafuta harusi, maana watoto wao wangeweza kuzaliwa na ugonjwa huo. Kijana sasa anatibiwa vizuri, lakini Bukola hakukanyaga tena hapa.

Daktari hakujutia swali lake, alijutia mahali. "Kossi, nilimvua nguo mtoto wa watu mbele ya wenzake," aliniambia tukifunga madirisha. Tangu hapo, swali la mtu binafsi alilipokea akimsindikiza muulizaji hadi langoni, wawili tu, sisi tukibaki nyuma. Wengi walirudi kutoka langoni wakifuta machozi, lakini walirudi.

Bukola alitumiwa mwaliko wa leo. Hajaja.

Mama, asante. Nani atashika Ijumaa, hatujui. Mkuu wa maabara anasema atafikiria, na tunamjua kwa kufikiria. Uzee wako uwe mwepesi, magoti yasikusumbue. Bukola akibisha hodi kwako siku moja, usimweleze kitu, mtengee kiti tu.

Mimi natarajia kurudi Atakpamé Pasaka. Ijumaa ndizo zilizokuwa zikinikalisha hapa.