Miguu ya Akiba

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha funguo. Lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Kila jioni tunakaa hapo na ujinga wetu, tukinywa kahawa ya Shangazi, mwanamke mwenye birika moja na ulimi mchungu kuliko kahawa yake. Wiki sita zilizopita Kufuli, mchonga funguo, alipigiwa simu na bintiye: "Baba, Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao tuendeshe baiskeli wote wawili, kilomita mia." Huyu ndiye binti aliyeahidiwa utotoni kwamba baba atamfundisha baiskeli, akaambiwa kesho, kesho, mpaka jirani akamfundisha. Kufuli alinunua baiskeli ya mbio siku ya pili yake. Kosa lake ni kuileta kijiweni kuomba ushauri. Sasa ilikuwa Ijumaa, zimebaki siku mbili, na baiskeli imeegemea ukuta, kiti bado kimevikwa nailoni ya dukani.

Aliyeanza ni Breki, dereva mstaafu wa lori.

BREKI: Usiipande mpaka siku yenyewe. Lori langu lilipokuwa jipya nililipumzisha mwezi mzima kabla ya safari ya kwanza.

SHANGAZI: Ndiyo maana lilizimika getini.

BREKI: Lilizimika kwa heshima.

Daktari akakohoa. Anafagia duka la dawa, na tangu apewe ufagio huo anawaandikia watu dozi.

DAKTARI: Miguu nayo ni vivyo hivyo. Binadamu anazaliwa na hatua zake zimehesabiwa. Ukizimaliza kwenye mazoezi, Jumapili utakanyagia nini pedeli? Akiba haiozi.

KUFULI: Hata ngazi nimeacha kupanda. Wateja wa ghorofani nawaambia washuke na kitasa.

SHANGAZI: Tumbo nalo unaliwekea akiba?

MIMI: Mwache. Mchumia juani hulia kivulini. Sisi tumeshafika kivulini, juani tunafuata nini?

Nakiri hilo nililisema mimi, tena kwa sauti ya hekima.

KUFULI: Ila milima inanitisha.

BREKI: Dunia ni mviringo, sivyo? Basi nusu ya safari yoyote ni mteremko. Mia yako ni hamsini tu.

DAKTARI: Na hiyo hamsini apumulie tundu moja la pua. La pili liwe tairi la akiba.

KUFULI: La kulia au la kushoto?

Maskini, alikuwa anauliza kwa dhati. Daktari akafumba macho kutafuta jibu, na hapo ndipo mwanamke kijana alipokata kona juu ya baiskeli, vumbi mpaka kope, akashuka mbele yetu.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee. Nimekuja mapema tujiandae pamoja.

Tukaitikia. Akaitazama ile nailoni. Kisha akatuuliza sisi, kwa kuwa baba yake alikuwa ameinamia kikombe:

— Ameshaendesha umbali gani mpaka leo?

Breki akamtazama Daktari. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikalitazama tofali. Wiki sita tulikuwa tumejadili pua, lori na umbo la dunia, na swali hilo halikumpitia akilini hata mmoja wetu. Niliona aibu, na si kawaida yangu.

— Nimeisukuma, Kufuli akasema. Kutoka nyumbani mpaka hapa. Kila siku.

— Na kuipanda?

— Sijapanda baiskeli tangu kabla hujazaliwa, mwanangu. Sina hakika kama bado naweza. Labda kesho asubuhi, watu wakiwa wachache...

— Hiyo kesho nimeisikia sana, baba.

Hakusema kwa hasira. Alichana nailoni, akaikunja, akaitia mfukoni.

— Panda.

Daktari akafungua mdomo.

— Ufunge, akasema Shangazi, akaliinamisha birika mpaka tukaona limekauka. Kahawa imekwisha, na nyinyi mmekwisha.

Kufuli akapanda. Binti akasimama nyuma yake, akakishika kiti kwa mikono miwili.

— Zile ni hatua za Jumapili anazitumia, Breki akanong'ona.

— Usiniachie, akasema Kufuli.

— Siachii, baba. Tazama mbele.