Dkt. Mayaka na Mahindi Yasiyopandwa

Baada ya miaka thelathini ya kuwatabiria watu mabaya, Dkt. Mayaka Omosa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Februari 2026. Alipoajiriwa kituoni kwetu kama mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alikabidhiwa dawati, hadubini yenye lenzi iliyopasuka, na mashamba yote ya Migori na Homa Bay ayalinde. Anaacha dawati, hadubini ileile, na onyo moja ambalo limelala katika ofisi ya Mkurugenzi tangu kabla ya Krismasi likingoja kuidhinishwa. Onyo lenyewe linasema ule ugonjwa wa kukausha mahindi unarudi msimu huu wa mvua ndefu, katika mashamba ya chini kuanzia Ndhiwa hadi Suna. Watu wameshanunua mbegu, mawingu yanakusanyika, na onyo bado linangoja. Kwa hiyo mtamwia radhi Daktari mkimwona leo ameshika sahani ya pilau bila kula.

Lakini itifaki inataka tuanze mwanzo. Mayaka alitoka Kisii akiwa na shahada tatu na bila neno hata moja la Dholuo. Mimi, Lynnet wa maabara, ndiye niliyepewa kazi ya kumtafsiria. Nilimtafsiria mengi waliyosema wakulima, naye akasikiliza machache.

Mtaalamu wa magonjwa ya mimea ni mtu ambaye hapendezwi na shamba zuri. Katika mazishi fulani kule Uriri, waombolezaji wakiwa wameinamisha vichwa, Daktari alionekana katikati ya mahindi ya marehemu akipasua bua kwa wembe. Wafiwa walidhani anatafuta kilichomuua mzee wao. Siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, aliwashauri wang'oe migomba yote iliyokuwa nyuma ya nyumba. Mkewe, Mama Bosibori, anasimulia kwamba wazee walitoka nje kushauriana, na waliporudi mahari ilikuwa imepanda kwa ng'ombe wawili.

Shamba lake mwenyewe hapa Suna ndilo baya kuliko yote mtaani. Mmea ukiugua, sisi wengine tunaung'oa, yeye anauacha ili aone utafikia wapi. Mama Bosibori amenunua mahindi sokoni miaka yote ya ndoa yao. Wakulima nao walimpa jina la Jabilo, mpiga ramli, na pikipiki yake ikisikika bondeni watu walikuwa wakifunga malango. Tukubaliane kwamba hakuwa mgeni wa kukaribishwa chai.

Sifa yake kubwa, ile iliyotajwa katika ripoti zote, ilianza mwaka 2014 kule Ndhiwa. Daktari alihesabu wadudu wanaobeba ugonjwa wa mahindi, akapima joto na mvua, akasema msimu ule usipandwe mahindi kabisa, ili wadudu na ugonjwa wao wakose makao. Alikwenda barazani na chati ishirini na mbili. Alipofika ya tano, mzee mmoja aliinuka akamuuliza, "Daktari, sasa watoto watakula nini, hizo karatasi zako?" Baraza likavunjika kwa vicheko, na chati kumi na saba zikarudi nyumbani bila kufunguliwa.

Hapo ndipo alipokumbuka golo kodhi. Katika boma la Wajaluo, mama mkubwa ndiye hutangulia kutia mbegu ardhini, na wake za wanawe hawapandi kabla yake. Miaka miwili nyuma Daktari alikuwa ameandika kurasa nzima akiishutumu desturi hiyo kuwa inawachelewesha wakulima. Sasa, bila haya hata kidogo, aliipanda pikipiki kwenda kuitumia. Wazo lilimjia kwamba mama mmoja asipopanda, boma zima halipandi.

Tulikwenda kwa Mama Risper, mjane mwenye wana wanne waliooa, ambaye hata maboma ya shemeji zake yalimfuata. Daktari alimfungulia chati zote. Mama alizitazama kwa adabu, akasema kwa Dholuo maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Nimesikia. Mwaka huu mimi sitii mbegu ya mahindi. Na kama mimi sijatia, tuone huyo Dolphine atapanda akimfuata nani." Dolphine alikuwa mke wa mwanawe wa kwanza, na msimu uliotangulia alikuwa amepanda kwa siri kabla ya mkwewe. Nilimtafsiria Daktari yote, lakini yeye alikuwa ameshaanza kukunja chati kwa furaha na alisikia "nimesikia" peke yake. Hadi leo anaamini kwamba yule mama alishawishiwa na chati ya kumi na tisa, na ameyasema hayo katika mikutano ya Nairobi, Kampala na Arusha.

Basi boma zima likapanda maharagwe na viazi vitamu. Ng'ambo ya kijito, waliokuwa wamemcheka barazani walipanda mahindi, na kufikia Mei yalikuwa yamestawi hadi yanaudhi. Dolphine alikuwa akitupokea langoni na neno lake tayari: "Daktari, ona wenzetu wanapalilia mahindi. Sisi tupalilie mawe?" Mama Risper nilimwona akiacha kwenda kanisani kwa njia inayopita kijitoni. Mahindi yale yangekomaa, hakuna mtu angemsikiliza tena katika boma lake mwenyewe, na wajukuu wangekula viazi hadi mwisho wa mwaka.

Kila Jumatatu Daktari alisimama juu ya kilima akitazama ng'ambo. Huyu ni mzee wa kanisa, Msabato asiyekosa ibada, na alikuwa akitamani mahindi ya jirani yakauke. Nilimtania kwamba maombi ya namna hiyo hayana zaburi. Hakucheka.

Juni majani yakaanza kugeuka manjano kutoka ukingoni, moyo wa mmea ukakauka, na magunzi yakatoka mapengo matupu. Nilikuwa nimebeba soda ili tusherehekee utabiri kutimia. Daktari alitazama familia ya ng'ambo ikikata mabua kuwalisha ng'ombe, akaketi chini, na soda ikarudi Suna bila kufunguliwa. Siku hiyo nilimpenda mtu huyu, ingawa sijawahi kumwambia na leo pia nisingeandika kama angekuwa na jinsi ya kujibu.

Mvua fupi zilipokuja, Mama Risper alitia mbegu, Dolphine akafuata, na mavuno yakawa safi. Shukrani nazo zikamiminika. Wa ng'ambo walisema Jabilo ndiye aliyewaletea ugonjwa kwa pikipiki. Wa upande huu walisema ugonjwa haukufika kwao, kwa hiyo wangepanda tu na yeye aliwapotezea msimu. Ukitabiri mabaya na watu wasisikie, umewaroga, na wakisikia, umewadanganya. Mama Risper peke yake alituma jogoo. Daktari alisema kuku si fani yake, kisha akamla.

Kituo nacho hakikulala. Tuzo ya utabiri ule ilikuja na ilipokelewa na Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye hakuwahi kufika Ndhiwa kwa sababu barabara ingemharibia gari. Aliyemrithi ameitundika mapokezi, juu kidogo ya kiti cha mlinzi. Nafasi ya Daktari haijatangazwa, na dawati lake limeshapimwa na watu wa ununuzi wanaotaka kuweka mashine ya kunakili. Tangu Januari Daktari amepanda ngazi za ofisi kuu kuuliza habari za onyo lake, akaambiwa kila mara kwamba linashughulikiwa. Ameuliza kwa upole. Mimi ningekuwa yeye, ningeuliza kwa bua la mahindi.

Mama Risper alipumzika miaka mitano iliyopita, na anayetangulia kutia mbegu katika boma lile sasa ni Dolphine. Wiki jana alinipigia simu. "Lynnet, mimi nangoja neno la ofisi," alisema. "Hawa mabibi wa vijana wangu wananisukuma nipande. Nikikataa na ofisi imenyamaza, watasema nimezeeka vibaya. Na mimi niliona ile ya ng'ambo kwa macho yangu." Leo amekuja pamoja na majirani zake, na ameketi safu ya kwanza.

Dkt. Mayaka, asante kwa kutuudhi miaka yote hii kwa ajili ya ugali wetu. Tunakutakia uzee wenye afya, wakwe wenye migomba mizima, na majirani wasiofunga malango ukipita.

Limebaki jambo moja. Kwa mujibu wa ratiba, wasifu wa mstaafu husomwa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya wageni wote. Mkurugenzi wetu ana shughuli nyingi na hapitii karatasi yoyote kabla ya kuisoma mbele ya watu, na sisi tunaomfanyia kazi tunalijua hilo vizuri. Namwomba basi asome polepole maneno yafuatayo. Mimi, Mkurugenzi wa kituo hiki, ninawatangazia wakulima wa mashamba ya chini kuanzia Ndhiwa hadi Suna kwamba ugonjwa wa kukausha mahindi unarudi. Msipande mahindi msimu huu. Ng'oeni yaliyojiotea, pandeni maharagwe, viazi vitamu au mihogo, na mahindi myarudie mvua fupi.

Asante, Bwana Mkurugenzi. Mama Dolphine, ofisi imesema.